Wepesi wa Mkimbiaji Si Kukonda

Jioni moja ya Desemba, miaka mitatu iliyopita, nilifika nyumbani kwa dada yangu katika Kaunti ya Uasin Gishu nikamkuta mpwa wangu amerejea kutoka shule ya bweni. Alikuwa na umri wa miaka 16, amemaliza kidato cha pili, na habari za mbio zake zilikuwa zimemtangulia nyumbani: katika mbio za nyika za shule za eneo lao alikuwa amewashinda wasichana waliomzidi umri kwa miaka miwili. Aliponiamkia nilimtazama, nikaona mifupa ya mabega imechomoza chini ya sweta, nami kwa furaha nikatamka maneno ambayo hadi leo yananiuma: "Kumbe umekuwa mwepesi hivi, mwanangu! Mwaka ujao hakuna wa kukushika."

Alitabasamu akainamisha kichwa. Usiku huo mama yake alipopakua ugali, msichana alijimegea kipande kisichozidi ukubwa wa limau, akanywa maji mengi, akasema ameshiba. Nilicheka nikasema kwamba huo ndio utaratibu wa mabingwa. Dada yangu hakucheka.

Mwezi Februari tuliitwa shuleni. Msichana alikuwa ameanguka mazoezini na hawezi kuukanyagia mguu wa kushoto. Hakuwa amejikwaa, wala hakusukumwa na mtu. Picha ya eksirei ilionyesha ufa katika mfupa wa muundi. Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mpwa wangu alilisikia la mkuu, akalitii neno kwa neno, na guu likavunjika vile vile.

Daktari aliyemtibu alimwuliza maswali matatu ambayo hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa amemwuliza: unakula nini kwa siku, ulipata hedhi lini mara ya mwisho, na ni nani aliyekuambia upunguze uzani. Majibu yalitutia haya sisi watu wazima. Hedhi ilikuwa imekatika tangu Juni, yaani miezi minane, naye alikuwa ameambiwa na wasichana waliomtangulia kwamba hiyo ni dalili ya mazoezi yaliyokolea. Kila Jumamosi timu nzima ilipangwa foleni mbele ya mizani ya stoo, ile ile iliyopimiwa magunia ya maharagwe, na kilo za kila mmoja zikaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Juu ya karatasi hiyo palikuwa na nambari moja kwa wino mwekundu: 45. Aliyeizidi aliongezewa mizunguko ya uwanja.

Simwandiki mwalimu yule kwa nia ya kumtia aibuni. Nilikutana naye, nikamwona mtu mwenye bidii ambaye mara kadhaa alitoa nauli za wanafunzi mfukoni mwake. Alikuwa amesikia mahali kwamba mabingwa wa mbio ndefu ni wepesi, akaamini kwamba ukimpunguza mtoto kilo utamwongezea mbio. Wala hayuko peke yake. Imani hiyo imeenea mashuleni, kambini na hata vyuoni, na mimi mwenyewe, mwenye shahada ya uzamifu ukutani, niliitia muhuri pale nilipomsifu msichana mgonjwa. Ndiyo sababu nimeonelea niwaandikie walimu na wanafunzi makala haya.

Mimi si daktari wala mkufunzi wa riadha. Kazi yangu ni isimu, na mwanaisimu akikosea huanza kwa kuchunguza neno alilolikosea. Katika Kiswahili neno "wepesi" limebeba maana tatu kwa pamoja. Mzigo mwepesi ni ule usiolemea. Mtu mwepesi wa miguu ni yule aendaye mbio. Na kazi nyepesi ni ile isiyo ngumu. Kinyume chake ni "uzito", nao una mambo yake: mtu mzito wa kuelewa, miguu mizito, kuona uzito kufanya jambo. Lugha yetu, basi, imeweka kasi na upungufu wa kilo katika chungu kimoja. Tunapomwambia mkimbiaji awe mwepesi, twaweza kuwa tunamwambia akimbie kwa kasi, au kwa urahisi, au apungue mwili, na yeye huchagua maana iliyo rahisi kupimwa. Kasi na urahisi huhitaji miezi mingi ya mazoezi. Kilo huonekana Jumamosi hii.

Lakini lugha hiyo hiyo imetupa pia njia ya kujinasua. Kuna "uzani" na kuna "uzito". Uzani ni kile kinachosomwa kwenye mizani, na maneno haya mawili, uzani na mizani, yametoka katika shina moja la Kiarabu. Uzito ni ule ulemevu anaouhisi mwenye mwili. Yawezekana uzani ukashuka na uzito ukapanda. Kila aliyepata kuugua malaria anajua jinsi miguu inavyokuwa mizito siku ambayo mwili umepungua. Kadhalika kuna "wembamba" na kuna "kukonda". Wembamba ni umbo, na mtu huweza kuzaliwa nao akazeeka nao akiwa na siha njema. Kukonda ni kitendo. Tunaposema "amekonda", kile kiambishi "-me-" kinatueleza kwamba kuna kitu kilichokuwapo nacho sasa hakipo. Wazee wetu hawakulitamka neno hilo kwa furaha. Walilifuatisha na swali: una nini?

Na walimu wa ushairi wananielewa nikisema kwamba mizani huhesabu, haifahamu. Mshororo waweza kutimiza mizani 16 bila kuzidi wala kupungua, ukawa na vina vyote viwili, na bado usiwe na maana hata chembe. Hatumpi mwanafunzi tuzo ya ushairi kwa kuhesabu silabi pekee. Kwa nini basi tumwamulie mkimbiaji hatima yake kwa nambari moja?

Pamoja na hayo, ni lazima tukubali lililo kweli, maana hoja inayokana ukweli haimsaidii mtu. Uzani una maana katika mbio ndefu. Mkimbiaji hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita anayoikimbia. Mwenye kilo 50 atatumia kama kilokalori 500 katika kilomita 10, na mwenye kilo 60 atatumia kama 600. Mwili ulio mdogo pia hupoteza joto kwa urahisi zaidi, jambo lenye faida katika marathoni ya jua kali. Hakuna anayetarajia mnyanyua vyuma ashinde mbio za kilomita 42. Kwa hiyo mwalimu yule hakuzua jambo ambalo halipo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba, kwa kuwa mabingwa ni wembamba, basi kila anayekondeshwa huwa bingwa. Wachezaji wa mpira wa kikapu ni warefu, lakini hatujaona mwalimu akiwavuta watoto miguu ili warefuke.

Mtego uko katika hesabu. Wataalamu hupima uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwa mililita kwa kila kilo kwa kila dakika. Tuandike mfano ubaoni. Msichana wa kilo 50 ambaye mwili wake waweza kutumia mililita 3,000 za oksijeni kwa dakika ana kipimo cha 60. Akishuka hadi kilo 46 na uwezo wake ukabaki pale pale, kipimo kinapanda hadi 65. Hapo mkufunzi hufurahi. Lakini kilo hizo nne zimetoka wapi? Ikiwa zimetoka kwa njaa, basi pamoja na mafuta zimeondoka nyama za misuli, na damu nayo imepungukiwa na madini ya chuma yanayobeba oksijeni. Uwezo ukishuka hadi mililita 2,700, kipimo kinakuwa chini ya 59. Msichana amepungua kilo nne na amerudi nyuma kuliko alikoanzia. Tumeipunguza nambari ya chini tukasahau kwamba ile ya juu nayo inategemea chakula.

Kuna jambo jingine ambalo mizani haiwezi kulisema. Misuli na ini huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, nayo ndiyo mafuta ya taa ya mkimbiaji. Akiba hiyo huweza kufika gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Maana yake ni kwamba mkimbiaji aliyekula vizuri kabla ya shindano huweza kuwa na uzani wa kilo moja na nusu au zaidi juu ya siku ambayo ghala lake ni tupu. Mizani ya Jumamosi itamsifu aliyemaliza akiba na kumwadhibu aliyeijaza, ilhali kesho yake uwanjani ni huyu wa pili atakayekuwa na nguvu katika kilomita za mwisho.

Isitoshe, kilo hazilingani mahali zilipo. Imethibitishwa kwamba ukiongeza gramu 100 katika kila kiatu, gharama ya kukimbia hupanda kwa takriban asilimia 1, kwa sababu mguu hurushwa mbele na kurudishwa nyuma maelfu ya mara. Gramu hizo hizo zikiwa kiunoni zisingehisiwa. Ndiyo maana watafiti waliowachunguza wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliyatazama sana maumbile ya miguu yao kuanzia goti kwenda chini. Hilo ni umbo la kuzaliwa. Hakuna mtoto awezaye kuichonga miguu yake kwa kukataa ugali.

Sasa tuulize: je, upo uzani mmoja ulio bora? Turejee Sydney, tarehe 25 Septemba 2000, katika fainali ya Olimpiki ya mita 10,000. Wasomaji wa umri wangu waliokuwa mbele ya runinga hawajasahau. Paul Tergat wetu na Haile Gebrselassie wa Ethiopia waliingia mita za mwisho bega kwa bega, na Muhabeshi akashinda kwa sekunde 0.09 baada ya mwendo wa zaidi ya dakika 27. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kupepesa jicho. Lakini tazama miili yao. Tergat ana urefu wa takriban sentimita 182, na uzani wake siku zile ulitajwa kuwa kama kilo 62. Gebrselassie ana takriban sentimita 165, na orodha mbalimbali humpa kati ya kilo 53 na 56. Mmoja alikuwa twiga, mwingine swara, na Mungu aliwafikisha pamoja.

Tukitumia kile kipimo kinachopendwa siku hizi cha kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, Tergat anapata kama 18.7, na Gebrselassie kati ya 19.5 na 20.6. Kama mkufunzi angemwagiza Gebrselassie afikie kipimo cha Tergat, angemtaka ashuke hadi kilo 51. Nani ajuaye kama angeiona fainali, achilia mbali dhahabu? Na Tergat mwenyewe, kwa mwili wake ule mrefu, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:04:55 mjini Berlin mwaka 2003, mji ule ule ambako Tegla Loroupe, mwanamke mfupi mno kutoka Pokot Magharibi, alikuwa ameweka rekodi ya wanawake ya 2:20:43 mwaka 1999. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Kipimo chenyewe kina historia ambayo walimu wangefaa kuijua. Kilibuniwa katika miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mwanahisabati na mwanafalaki aliyetaka kumweleza "mtu wa wastani" katika jamii nzima. Jina linalotumika leo lilitolewa na Mmarekani Ancel Keys na wenzake mwaka 1972. Shirika la Afya Duniani huchukua 18.5 kuwa mpaka wa chini kwa watu wazima. Lakini kwa walio chini ya miaka 19 mpaka huo mmoja hautumiki. Wao hulinganishwa na watoto wa umri na jinsia yao, kwa sababu bado wanakua. Ile nambari 45 ya wino mwekundu iliwekewa wasichana 14, wa urefu tofauti, wa kati ya miaka 14 na 18. Hakuna kitabu cha tiba kinachoruhusu jambo hilo.

Yaliyompata mpwa wangu yana jina, na jina hilo si jipya. Mwaka 1992 wataalamu wa tiba ya michezo nchini Marekani waliyaunganisha matatizo matatu wakayaita utatu wa mwanariadha wa kike: kutokula ipasavyo, kukatika kwa hedhi, na mifupa kudhoofika. Matatu hayo hushikana mikono. Mwili unaponyimwa nishati huamua kuzima kazi ambazo zaweza kusubiri, na uzazi ni ya kwanza. Homoni ya istrojeni ikishuka, mifupa hukosa mlinzi wake. Na umri wa ujana ndio wakati ambapo sehemu kubwa ya mfupa wa maisha yote hujengwa. Fursa hiyo ikipita, haiwezi kurejeshwa kikamilifu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupanua mjadala, ikaonyesha kwamba upungufu huo wa nishati huwapata pia wanaume, na kwamba huathiri moyo, kinga ya mwili, usagaji wa chakula na hata fikira. Wavulana, basi, wasidhani kwamba habari hii haiwahusu kwa kuwa hawana hedhi ya kuwaonya.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa shule maskini. Mwaka 2019 Mary Cain, msichana wa Kimarekani aliyekuwa amestaajabisha ulimwengu kwa mbio zake kabla ya kutimiza miaka 18, alieleza hadharani jinsi alivyoshinikizwa kupunguza uzani, akakosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Yeye alikuwa na wataalamu wengi na vifaa vya kisasa. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza yale maswali matatu ya daktari wetu.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba mabingwa wetu wenyewe hula kidogo. Tuutazame ushahidi. Mwaka 2004 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu, waliofuatwa kwa wiki moja kambini kabla ya mashindano. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka katika wanga: ugali, wali, viazi, mkate na uji, pamoja na chai ya maziwa iliyotiwa sukari bila uchoyo. Ni kweli kwamba watafiti walikuta chakula hicho kikipungukiwa na nishati iliyotumika. Lakini kilikuwa karibu kilokalori 3,000 kwa siku, na waliokila walikuwa wanaume wazima, waliokwisha kumaliza kukua, katika wiki moja ya mwaka mzima. Kuchukua wiki ya bingwa na kuifanya mwaka wa mtoto ni kosa la hoja ambalo tungelipiga kalamu nyekundu katika insha ya kidato cha kwanza.

Hebu tulipime kwa hesabu nyingine. Wataalamu wanatuambia kwamba, baada ya kuondoa nishati iliyokwenda katika mazoezi, mwili unapaswa kubaki na takriban kilokalori 45 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, na kwamba ikishuka chini ya 30 mambo huanza kuharibika. Mchukue msichana wa kilo 48, ambaye kilo 40 kati ya hizo si mafuta. Anahitaji kubakiwa na kilokalori 1,800. Akikimbia kilomita 15 asubuhi na jioni kwa jumla, ametumia kama 720. Kwa hiyo anapaswa kula zaidi ya 2,500. Akila 1,800, chakula ambacho mwenzake asiyekimbia angeridhika nacho, anabakiwa na 1,080, yaani 27 kwa kila kilo. Hajafunga, wala hajajinyima kwa makusudi. Amekula kama wengine tu, kisha akakimbia. Ndiyo maana nasema kwamba shule yaweza kumkondesha mkimbiaji bila hata kumpima, kwa kumrudisha kutoka uwanjani saa moja unusu wakati masufuria ya jikoni yamekwisha kukwanguliwa. Nimetumia "kumkondesha" kwa makusudi. Ni kauli ya kutendesha, na kauli hiyo daima ina mtenda.

Je, uzani bora hutafutwaje? Jibu nililolipata kwa madaktari na kwa wakufunzi wenye busara ni moja: hautangulizwi, hufuata. Mkimbiaji hula hadi akatosheka, hulala, hufanya mazoezi kwa mpango, na huandika katika daftari muda wake, usingizi wake, maradhi yake, na kwa wasichana tarehe za hedhi. Baada ya mwaka mmoja au miwili hutazama nyuma akauona ule uzani ambao nao alikimbia vizuri, hakuugua mara kwa mara, hakuumia mifupa, na mwili ulitimiza kazi zake zote. Huo ndio uzani wake bora. Nao si nambari moja bali ni eneo la kilo mbili tatu, na kwa kijana anayekua eneo hilo lazima lipande mwaka hadi mwaka. Akikimbia kwa kasi zaidi huku kilo zikiongezeka, hajanenepa, amekua.

Kwa walimu wa michezo nina maombi manne. Kwanza, karatasi za kilo ziondolewe ukutani, na mizani ya stoo ibaki kwa maharagwe. Ikiwa kupima ni lazima, afanye mhudumu wa afya, faraghani, na kwa idhini ya mwanafunzi na mzazi. Pili, mkimbiaji awekewe chakula chake, na kiwe kingi kuliko cha mwenzake. Uji mzito wenye maziwa, ndizi au kiazi mara baada ya mazoezi si anasa. Tatu, msichana akikosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo apelekwe kwa daktari, na awepo mwalimu wa kike anayeweza kuzungumza naye bila kumtahayarisha. Maumivu ya mfupa yasiyokwisha yasimamishe mazoezi siku hiyo hiyo. Nne, tupime kile tunachokitafuta. Tunatafuta mbio, na chombo cha kupimia mbio ni saa.

Kwa wanafunzi nasema hivi: mwalimu aliyewazidi umri na elimu anastahili heshima, lakini heshima haimzuii mtu kusema "nina njaa" au "mguu unaniuma". Waambieni wazazi. Waambieni wauguzi. Na msishindane katika bweni kwa sahani zilizobaki chakula.

Mpwa wangu hakukimbia kwa miezi mitano. Hedhi ilirejea kabla ya mguu kupona kabisa. Alirudi uwanjani akiwa kidato cha nne, akiwa amezidi ile nambari ya wino mwekundu kwa kilo sita, akamaliza wa saba katika kaunti. Hakuenda kwenye mashindano ya kitaifa, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba hadithi hii ina medali. Yuko chuoni sasa, na bado hukimbia asubuhi. Likizo iliyopita nilimkuta jikoni kwa mama yake, nikafungua kinywa kumsalimu, nikasita kwa kutojua neno la kutumia. Alinielewa. "Mjomba," akasema, "usiniambie nimenenepa, wala usiniambie nimekonda. Niulize tu nimekimbia vipi."

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyomwuliza, na huwauliza hivyo hivyo wanariadha walio katika madarasa yangu. Sisi Wakenya tunapotaka kumtuliza mtu aliyefadhaika humwambia, "Usikonde." Muhula wa kwanza ndio muhula wa mbio za nyika. Walimu watakapowakusanya watoto uwanjani, naomba waanze kwa neno hilo, na walitamke kwa maana yake yote.